HOMA IJIFICHAYO: HABARI YA MALARIA NA MAMA MJA MZITO

Leo nataka kuwaelezeni habari ya adui mmoja aliyekaa na wanadamu tangu zamani za kale, lakini mahali pake pa kujifichia hapakujulikana mpaka karne iliyopita. Adui huyo ni malaria.

Kila mtu aijua malaria: baridi ya ghafula, kutetemeka, joto jingi, jasho, kichwa kuuma na viungo kulegea. Walakini malaria nitakayoisema leo mara nyingi haina kutetemeka. Ni ile imwingiayo mwanamke mja mzito bila ya kumlaza kitandani, ikamla damu yake na kumpunguzia mtoto wake chakula, naye huku anakwenda shamba, anateka maji na kutwanga kama siku zote. Wazee walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Katika habari hii tutaona jinsi methali hiyo ilivyo kweli.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa, na mahali pengine yalivyo hata sasa. Mwanamke kijana akishika mimba ya kwanza, watu wa nyumba mbili hungoja kwa furaha. Mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa hali amekufa, au akizaliwa mdogo mno, hana nguvu za kunyonya, akafa kabla ya arobaini, ndipo maswali huanza. Huyu husema ni jicho la hasidi. Yule husema mizimu imekasirika. Mwingine humtia lawama mama mwenyewe, kwamba amevunja mwiko, au kwamba tumbo lake halina baraka. Mama amekwisha kufiwa na mtoto, na juu ya msiba huo hutwikwa hatia. Basi habari ya leo ni kama kesi ya zamani iliyosikilizwa upya, na mashahidi wake walitoka katika nchi nyingi.

Shahidi wa kwanza ni mbu. Neno malaria latoka katika lugha ya Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu wa Ulaya walidhani ya kwamba homa hii hutoka katika mvuke wa mabwawa. Watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa na fikira nyingine. Msafiri mmoja Mwingereza, Richard Burton, katika kitabu chake cha safari kilichopigwa chapa mwaka 1856, aliandika kwamba katika nchi ya Wasomali watu husema kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Naye hakuyasadiki, akayahesabu kuwa ni ushirikina. Kisha Robert Koch, mtaalamu Mjerumani, alipokuwa katika nchi hizi mwaka 1897 na 1898, alisikia ya kwamba watu wa milima ya Usambara, waliposhuka bondeni wakapata homa, waliiita homa hiyo mbu, jina lile lile la mdudu.

Nao wataalamu walikuwa wakilikaribia neno hilo kwa njia yao. Mwaka 1880, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa katika mji wa Constantine, nchi ya Aljeria, alitazama damu ya askari mgonjwa kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akaona kijidudu cha malaria. Mwezi wa Agosti mwaka 1897, Ronald Ross, daktari Mwingereza, akiwa Secunderabad katika Bara Hindi, alipasua mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa, akakiona kijidudu ndani ya tumbo lake. Mwaka uliofuata, Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia walithibitisha ya kwamba mbu wa aina ya anofelesi ndiye amwambukizaye mtu. Hivyo neno la watu wa Usambara likaonekana kuwa kweli.

Mbu akajulikana, lakini habari ya mama na mtoto ilikuwa bado gizani. Daktari akitaka kujua kama mtu ana malaria, humtoboa kidole, akatia tone la damu juu ya kioo, akalitazama. Asipoona kijidudu, husema hakuna malaria. Waja wazito wengi walipimwa hivyo, wakaambiwa hawana kitu, wakaenda zao. Aliyefungua mlango wa giza hilo ni Herbert Clark, daktari wa Marekani aliyefanya kazi Panama, mahali ulipochimbwa mfereji mkubwa wa meli uliofunguliwa mwaka 1914. Clark hakutazama damu ya kidole peke yake. Alitazama pia damu ya kondo la nyuma baada ya mtoto kuzaliwa, na mwaka 1915 akaandika ya kwamba damu hiyo yaweza kujaa vijidudu, hali damu ya kidole ya mama yule yule ina vichache sana au haionyeshi kitu.

Hapa yafaa tueleze kondo la nyuma ni nini, maana wengi hulijua kama kitu cha kuzikwa tu. Kondo ndilo ghala ya mtoto tumboni, na ndilo soko lake. Upande mmoja limeshikamana na mji wa mimba wa mama. Upande wa pili kimetoka kitovu kiendacho kwa mtoto. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki ovyo, lakini hupita karibu karibu, na hapo ndipo chakula na hewa hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na taka za mtoto hurudi kwa mama zikatupwe. Mtoto hana njia nyingine ya kupata riziki yake. Ghala hiyo ikivamiwa, mtoto huona njaa katikati ya shibe ya mama yake.

Miaka kumi baada ya Clark, mwaka 1925, madaktari wawili Waingereza, Blacklock na Gordon, waliandika habari za wanawake wa Freetown katika nchi ya Sierra Leone. Wao pia waliona makondo mengi yenye malaria kwa mama wasiokuwa na dalili ya ugonjwa, wakaonya ya kwamba watoto wa mama hao wamo katika hatari ya kufa mapema. Kisha neno hili likafika kwetu. P. C. C. Garnham, daktari wa serikali ya Kenya ya wakati ule, alichunguza makondo ya wanawake wa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, na mwaka 1938 akaandika aliyoyaona: nafasi zipitazo damu ya mama zimejaa vijidudu, na rangi nyeusi waiachayo vijidudu hivyo, na chembe za mwili zilizokusanyika kwa wingi kupigana navyo. Kondo lilikuwa kama uwanja wa vita, na mwenye uwanja hana habari.

Lakini malaria haimfichi mja mzito mahali pote. Mwaka 1934, kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, kilipatwa na ukame mkubwa. Upande wa kusini na magharibi, ambako mvua ni nyingi na malaria ilikuwa haba, mito ilikauka ikabaki vidimbwi, na ndani ya vidimbwi hivyo mbu wakazaana bila ya kiasi. Kabla mwaka haujaisha homa ililipuka, na katika muda wa miezi michache, mpaka mwaka 1935, watu wapata 80,000 walikufa. Daktari wa Colombo aitwaye Wickramasuriya aliwaangalia waja wazito katika tauni hiyo, na mwaka 1937 akatoa kitabu. Mama hao hawakuwa wakienda shamba na homa yao. Walilala, wakapoteza fahamu, wengi wakafa, na mimba nyingi ziliharibika au zikaleta watoto wafu.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: Mbona kijidudu ni kile kile, na Kisumu mama huendelea na kazi, na Ceylon mama alikufa? Jibu lake lilianza kuonekana zamani. Koch, alipokwenda New Guinea mwaka 1899 na 1900, aliona ya kwamba watoto wadogo wa nchi yenye malaria nyingi wana vijidudu tele katika damu, lakini watu wazima wa nchi hiyo hiyo wana vichache. Maana yake ni kwamba mwili hujifunza. Mtu aliyeugua mara nyingi tangu utoto, akapona, hupata kinga. Si kinga ya kumzuilia kijidudu asiingie kabisa, bali ya kumzuia asiue. Watu wa upande ule wa Ceylon hawakuwa na kinga hiyo. Kadhalika mtu wa nchi ya baridi milimani, ambako mbu ni wachache, akishuka kwenye joto na mimba yake, hatari yake ni kama ya wale wa Ceylon: humpata yeye mwenyewe, ikiwa ni mimba ya kwanza au ya tano.

Sasa lipo swali la pili, na hili ndilo gumu. Ikiwa mwanamke wa Kisumu ana kinga tangu utoto, kwa nini kondo lake lishikwe? Na kwa nini mimba ya kwanza ndiyo iumizwayo kuliko zote? Jambo hili si dhana. Huko Gambia, Ian McGregor na wenzake walichunguza makondo zaidi ya 6,000, na habari yao iliyotolewa mwaka 1983 ilionyesha wazi ya kwamba mama wa mimba ya kwanza ndio walioshikwa zaidi, na watoto wao ndio waliopungukiwa zaidi na uzito. Mimba zilizofuata ziliumizwa kidogo kidogo.

Chukueni mfano huu. Mtu ana nyumba, na mlinzi wake aijua milango yote, hata mwizi hapati njia. Siku moja mwenye nyumba ajenga chumba kipya nyuma, chenye mlango ambao mlinzi hajauona. Mwizi hupita huko, akakaa humo akila akiba usiku na mchana, na mlinzi bado azunguka milango ya zamani. Kondo la mimba ya kwanza ndicho chumba kipya. Mwili haukupata kuwa nacho kabla ya hapo.

Ushahidi wa mfano huu ulipatikana Kisumu vile vile, miaka 58 baada ya Garnham. Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi na madaktari wa huko, walionyesha ya kwamba chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vijidudu kutoka katika makondo hunata juu ya kitu kimoja kiitwacho kondroitini salfeti A, kilichomo ndani ya kondo. Bali vijidudu vya watu wasio na mimba havikunata hapo. Yaani ni aina inayojua kushika mlango ule. Mwaka 1998 wakaonyesha tena ya kwamba wanawake waliokwisha kuzaa mara kadha wana kinga katika damu yao iwezayo kuzuia kunata huko, lakini wanaume hawana. Mlinzi amekwisha kukijua chumba kipya, ila kwa mimba ya kwanza amechelewa.

Basi tuseme wazi ni madhara gani hutokea. Kwa mama, vijidudu huvunja chembe nyekundu, naye hupungukiwa na damu. Huona kizunguzungu, moyo kumwenda mbio, na kuchoka kusikokwisha. Watu husema, Ndivyo mimba ilivyo. Siku ya kuzaa, mama mwenye damu kidogo akitokwa na damu ambayo mwenziwe angeivumilia, yeye aweza kufa. Kwa mtoto, mimba yaweza kuharibika, au yeye huzaliwa kabla ya siku zake, au huzaliwa mdogo chini ya kilo 2.5. Mwaka 1968 ilitolewa habari ya watoto waliopimwa katika hospitali ya Mulago, Kampala: waliozaliwa na kondo lenye malaria walipungua wenzao kwa wastani wa robo ya kilo hivi. Msidhani robo ya kilo ni kitu kidogo. Kwa mtu mzima si neno. Kwa mtoto mchanga ndiyo mafuta ya kumtia joto, na nguvu za kunyonya, na akiba ya siku za kwanza. Mtoto aliyezaliwa mdogo hushindwa upesi na baridi, na kuhara, na kichomi.

Je, watu walifanya nini walipoyajua haya? Dawa ya kwanza yenye nguvu ilikuwa kwinini, itokayo katika ganda la mti wa sinkona wa Amerika ya Kusini. Wakemia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Lakini kwa muda mrefu madaktari wengi waliogopa kumpa mja mzito kwinini, wakidhani itamtoa mimba. Baadaye ilionekana ya kwamba, ikitolewa kwa kipimo cha haki, hatari kubwa ilikuwa katika homa yenyewe iliyoachwa bila dawa. Zikaja dawa nyingine. Klorokwini ilipewa waja wazito kila juma katika nchi nyingi, mpaka vijidudu vilipoizoea, na katika Afrika ya Mashariki ilianza kushindwa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Ndipo fikira mpya ikaja. Ikiwa homa hii hujificha, na damu ya kidole haiwezi kutegemewa, kwa nini kungoja mama augue? Afadhali kila mja mzito katika nchi yenye malaria nyingi apewe dawa kwa nyakati zilizopangwa, akiwa mzima machoni pa watu, ili kondo lisafishwe. Dawa iliyochaguliwa ni SP, mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini. Nchi ya Malawi ilitangulia nchi zote kuifanya desturi hiyo, mwaka 1993. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, jaribio lililotangazwa mwaka 1999 lilionyesha ya kwamba mama wa mimba ya kwanza waliopewa SP walipungukiwa sana na ugonjwa wa ukosefu mkubwa wa damu. Na huko Asembo, magharibi ya Kenya, habari ya mwaka 2003 ilionyesha ya kwamba mama waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa walizaa watoto wadogo mno mara chache kuliko wale wasiokuwa navyo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliagiza SP itolewe kila mara mama ajapo kliniki, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikiisha, kukiwa na mwezi mmoja au zaidi kati ya kipimo na kipimo, na vipimo visipungue vitatu.

Msidhani vita vimekwisha. Kwa hesabu ya Shirika hilo, mwaka 2022 katika nchi za Afrika zenye malaria nyingi palikuwa na mimba zipatazo milioni 35, na zaidi ya milioni 12 katika hizo zilipatwa na malaria. Wataalamu wameanza kujaribu chanjo ya kumfundisha mlinzi mlango wa chumba kipya kabla mwanamke hajashika mimba, lakini chanjo hiyo haijawa tayari kutolewa kwa watu wote.

Kwa hiyo nina maneno machache kwa kila mmoja. Bibi mwenye mimba, nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane na majirani wote. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, kila usiku, tangu mwanzo. Mwambie mganga dawa zote unazotumia, kwa kuwa dawa nyingine, kama kotrimoksazoli, hazipatani na SP, naye atakupa shauri jingine. Na ukipata homa, japo ndogo, usiisingizie mimba. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni katika miezi ya kwanza, maana kuna dawa ifaayo wakati huo pia. Bwana mwenye nyumba, nauli ya kliniki na chandarua ni sehemu ya matunzo ya mkeo, kama chakula na nguo. Nanyi wakunga na mama wakwe, mkimwona mwali wa mimba ya kwanza yu mzima, anacheka na kufanya kazi, msiseme, Huyu hana haja ya dawa. Huyo ndiye mwenye haja kuliko wote.

Tena, mtoto akifa tumboni au akizaliwa dhaifu, msiitafute hatia katika mwenendo wa mama yake. Mashahidi tumewasikia: wa Panama, wa Freetown, wa Ceylon, wa Kampala, na wa Kisumu mara mbili. Si kila msiba wa mtoto mchanga hutoka kwa malaria, lakini mingi ilitoka huko, na wanawake wengi waliishi na lawama ya kosa lililofanywa na mbu. Hatuwezi kuwarudishia watoto wao. Twaweza kuwarudishia heshima yao, na kuwaokoa watoto wa binti zao.

Kwaherini, na mama wote walio safarini wajifungue salama.